Dozi ya kwanza AstraZeneca, ya pili Pfizer: nilivyojifunza kusoma namba ya kingamwili

Chanjo yangu ya kwanza ya korona ilikuwa AstraZeneca, ya pili ikawa Pfizer. Sikuchagua iwe hivyo. Mapema 2021 wafanyakazi wa hospitali tuliitwa kabla ya watu wengine, na iliyokuwepo kwenye friji siku hiyo ilikuwa AstraZeneca. Nikachomwa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki 12 kwa dozi ya pili ya aina ileile. Kabla wiki hizo hazijaisha, mambo yakabadilika.

Machi ya mwaka huo nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha chanjo hiyo kwa muda. Watu wachache waliochanjwa, wengi wao vijana au wa umri wa kati, walikuwa wameganda damu mahali pasipo pa kawaida, hasa kwenye mishipa ya ubongo, huku chembe sahani zao, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zikiwa zimeshuka sana. Wataalamu wa damu wakakuta kwa wagonjwa hao kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili, zinazoishika protini iitwayo PF4 inayotoka kwenye chembe sahani. Lilikuwa tatizo adimu: Uingereza ilikadiria takriban mtu 1 kati ya 50,000 kwa walio chini ya miaka 50. Hata hivyo, kwa kijana ambaye korona yenyewe haikuwa na uwezekano mkubwa wa kumuua, hesabu ya faida na hatari ilibadilika. Ufaransa ikaibakiza chanjo hiyo kwa wenye miaka 55 kwenda juu tu, Ujerumani kwa wenye 60 kwenda juu. Huku nilikokuwa nako wakafuata njia hiyohiyo.

Sasa sisi tuliokwisha kuchomwa dozi moja tufanyweje? Aprili 2021 Ujerumani na Ufaransa zilisema wenye umri mdogo wamalizie na chanjo ya mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), yaani Pfizer au Moderna. Zilisema hivyo wakati majaribio ya kuchanganya chanjo za korona yalikuwa bado yanaendelea na matokeo hayajatoka. Hofu ilianzia hapo, na siwezi kumlaumu mtu aliyeogopa.

Kazi yangu ni maabara, upande wa serolojia. Kutwa nzima tunapima kingamwili kwenye damu za watu. Kwa hiyo wenzangu wa wodini walinifuata mimi na maswali. Muuguzi mmoja tuliyezoeana alinisimamisha kwenye korido akaniuliza, "Dada, hivi kweli mtu achanganyiwe chanjo mbili tofauti mwilini, na bado tuseme ni salama?" Nilimwambia nilichokuwa na uhakika nacho. Chanjo zote mbili zinaufundisha mwili kitu kimoja, nacho ni ile protini ya mwiba ambayo kirusi cha korona hutumia kujishikiza kwenye seli zetu. AstraZeneca inapeleka maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo ndani ya adenovirusi ya sokwe, aina ya kirusi cha mafua, iliyoondolewa uwezo wa kuzaliana. Pfizer na Moderna zinayapeleka kama mRNA ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Njia ni tofauti, somo ni lilelile.

Nikamweleza pia kwamba wazo la kuanza na chanjo moja na kumalizia na nyingine halikuzaliwa na uhaba wa 2021. Watafiti wa chanjo ya Ukimwi walikuwa wakilijaribu kwa miaka mingi. Jaribio kubwa la Thailand, lenye washiriki zaidi ya 16,000, lilitumia chanjo mbili tofauti kwa zamu, na matokeo yake ya 2009 yalionyesha maambukizi kupungua kwa takriban asilimia 31. Haikutosha kuifanya chanjo ya kutumika, lakini ilikuwa mara ya kwanza chanjo ya Ukimwi kuonyesha kinga yoyote kwa binadamu. Halafu Julai 2020 Umoja wa Ulaya uliidhinisha chanjo ya Ebola ambayo imeundwa tangu mwanzo kuwa mchanganyiko: dozi ya kwanza ya Zabdeno, iliyobebwa na adenovirusi namba 26, na ya pili ya Mvabea wiki 8 hivi baadaye, iliyobebwa na kirusi cha jamii nyingine kabisa. Hata Sputnik V ya Urusi ni ya namna hiyo, maana dozi zake mbili zinabebwa na adenovirusi mbili tofauti, namba 26 na namba 5.

Sababu yake ndiyo iliyomtuliza yule muuguzi, na ndiyo iliyonituliza na mimi. Adenovirusi ni kama tarishi anayeleta barua. Mara ya kwanza mwili unaisoma barua, lakini unakariri na sura ya tarishi. Akija tena tarishi yuleyule, baadhi ya askari wa mwili wanamkamata mlangoni kabla hajaikabidhi barua yote. Ukimtuma mtu mwingine na barua ileile, inafika nzima, na mwili ulioisoma mara ya kwanza unaitambua mara moja. Chanjo ya mRNA haina tarishi wa aina hiyo. Mwili unachokutana nacho mara ya pili ni mwiba, na nguvu zote zinaelekea huko.

Nilipata Pfizer mwishoni mwa Mei. Wakati huo kundi la Chuo Kikuu cha Oxford lililoendesha Com-COV, utafiti wa kuchanganya chanjo za korona, lilikuwa limeshatoa taarifa ya kwanza, si ya kingamwili bado, bali ya maudhi baada ya chanjo. Kati ya waliopata AstraZeneca kisha Pfizer, asilimia 34 walihisi homa baada ya dozi ya pili, ilhali kwa waliopata AstraZeneca mara mbili walikuwa asilimia 10. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba isingekuwa busara kuwachanja wauguzi wa wodi nzima kwa mchanganyiko siku moja, maana kesho yake wengi wangeshindwa kufika kazini. Nililichukua neno hilo kwa uzito. Tulikubaliana kitengoni kwetu tusiende pamoja, na mimi nikaomba nisipangwe zamu siku inayofuata.

Ilikuwa vizuri nilivyofanya. Mchana mkono uliuma kidogo tu. Ilipofika usiku nikaanza kutetemeka, meno yakigongana, viungo vikiuma kuanzia mabegani hadi kwenye vidole. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38 na kitu. Nikameza paracetamol, nikanywa maji, nikalala usingizi wa mang'amung'amu hadi asubuhi. Kesho yake jioni nilikuwa nimeshaamka kitandani nikila vizuri. Hayo ndiyo aliyoyaeleza pia mtu mmoja mmoja niliyemwuliza kati ya wenzangu: maudhi makali kuliko ya dozi mbili zinazofanana, lakini ya muda mfupi.

Kuna jambo hapa watu wengi wanalishika vibaya. Mwenzangu tunayekaa naye meza jirani hakupata hata kuumwa kichwa, na baadaye kingamwili zake zilipanda kama zangu. Kila nikimsikia mtu akisema "mimi sikuumwa, basi haikunishika", namwambia asubiri, homa haipimi kinga.

Hospitali yetu ilikuwa imeanzisha ufuatiliaji wa kingamwili kwa wafanyakazi waliokubali, nami nilikuwa mmoja wao. Tulitoa damu kabla ya dozi ya pili, kisha tena kama mwezi mmoja baadaye. Yangu ilipita mezani kwangu kama sampuli nyingine yoyote, ina namba badala ya jina. Damu inakaa kwenye kichupa chenye kifuniko cha njano hadi igande, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, na juu kunabaki majimaji ya njano iliyofifia, ndiyo seramu. Mashine inavuta kiasi kidogo sana, inakichanganya na vipande vya mwiba vilivyotengenezwa maabara, na dakika 18 baadaye inatoa namba kulingana na mwanga unaotokea. Mashine yetu ilisoma kuanzia 0.40 hadi 250. Chini ya 0.80 tunaandika kwamba kingamwili hazikuonekana.

Sampuli yangu ya kwanza, iliyochukuliwa nikiwa na AstraZeneca peke yake, ilisoma 48. Ya pili ikaja na alama ya "zaidi ya 250". Tukaipunguza makali mara 10 kama utaratibu unavyotaka, tukairudisha mashinani. Ikasoma tena juu ya kikomo, yaani zaidi ya 2,500.

Nilifurahi, sitaficha. Na haikuwa kwangu tu. Karibu kila sampuli ya aliyechanganya ilihitaji kupunguzwa makali, huku za waliopata AstraZeneca mara mbili nyingi zikisomeka moja kwa moja. Tulipima pia kingamwili za protini nyingine ya kirusi, ile ya N inayokaa ndani, ambayo chanjo zetu hazikuwa nayo. Kwangu haikuonekana. Maana yake ni kwamba sikuwa nimeambukizwa kimyakimya katikati ya hapo. Kupanda kule kulitokana na chanjo. Kwa waliopata chanjo za kirusi kizima kilichouawa, kama Sinovac na Sinopharm, ujanja huo haufanyi kazi vizuri, kwa kuwa chanjo zenyewe zina N ndani yake.

Matokeo ya watafiti yalipotoka yakafanana na tuliyoyaona mezani. Hispania, katika utafiti wa CombiVacS wa Taasisi ya Afya ya Carlos III, walichukua watu 676 waliokuwa wamepata AstraZeneca wiki 8 hadi 12 nyuma, wakawapa baadhi Pfizer na kuwaacha wengine bila dozi ya pili kwanza. Kwa waliopata Pfizer, kingamwili zilipanda kutoka wastani wa takriban 71 hadi zaidi ya 7,700 ndani ya siku 14. Com-COV nao mwishoni mwa Juni wakatoa hesabu ya makundi manne yaliyochanjwa kwa pengo la wiki 4. Wastani wa kingamwili za mwiba siku 28 baada ya dozi ya pili ulikuwa 1,392 kwa AstraZeneca mara mbili, 7,133 kwa Pfizer kisha AstraZeneca, 12,906 kwa AstraZeneca kisha Pfizer, na 14,080 kwa Pfizer mara mbili. Angalia jinsi mpangilio unavyobadilisha mambo: chanjo ni zilezile mbili, lakini ukianza na AstraZeneca ukamalizia na Pfizer unapata karibu mara mbili ya ukifanya kinyume chake. Na kwa seli T, zile zinazowinda seli zilizokwisha kuambukizwa, waliopata AstraZeneca kisha Pfizer waliongoza makundi yote, hata kuwapita waliopata Pfizer mbili.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri kwa utulivu, kwa sababu namba hizo zilianza kuwaumiza watu.

Shangazi yangu alikuwa amepata AstraZeneca zote mbili. Umri wake ulikuwa mkubwa, kwa hiyo hakuguswa na yale mabadiliko. Akaenda mwenyewe kwenye maabara ya kulipia akapimwa kingamwili, kisha akanipigia simu sauti ikitetemeka. "Mwanangu, mimi nina 210. Jirani yangu aliyepata Pfizer ana 1,900. Si ina maana mimi sina kinga? Nitafute na mimi Pfizer hata kwa siri?"

Nikamwomba anitumie picha ya karatasi yake, na ya jirani kama jirani hana kinyongo. Ya shangazi ilikuwa imeandikwa kwa BAU, kipimo kilichowekwa baada ya Shirika la Afya Duniani kupitisha seramu ya marejeo mwezi Desemba 2020 ili maabara za dunia zisome kwa mizani moja. Ya jirani ilikuwa kwa AU, kipimo cha kampuni iliyotengeneza vifaa vya kupimia vilivyotumika, na ili kukipeleka kwenye BAU unazidisha kwa 0.142. Ukifanya hesabu hiyo, 1,900 ya jirani inakuwa kama 270. Watu wale wawili walikuwa karibu sawasawa, na mmoja wao alikuwa amekosa usingizi.

"Kwa hiyo shangazi," nikamwambia, "kwanza namba zenu hazikuwa za mizani moja. Pili, hata zingetofautiana mara 10, bado hakuna mtu duniani aliyeweka mstari akasema juu ya hapa uko salama, chini yake hauko salama." Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeshawashauri watu wasitumie vipimo vya kingamwili kuamua kama chanjo imewakinga. Mimi ninayeviendesha vipimo hivyo nakubaliana nayo kabisa.

Kilichonishawishi zaidi ni takwimu za hospitali. Katikati ya Juni 2021, aina ya kirusi iitwayo Delta ikiwa imetawala Uingereza, mamlaka ya afya ya umma ya huko ilitoa hesabu ya watu walioishia kulazwa. Dozi mbili za AstraZeneca zilipunguza uwezekano wa kulazwa kwa asilimia 92. Dozi mbili za Pfizer kwa asilimia 96. Ziweke namba hizo kando ya zile za Com-COV. Tofauti ya kingamwili ilikuwa mara 10 kati ya makundi hayo. Tofauti ya kulazwa ilikuwa asilimia 92 kwa 96. Ni kweli pengo la Com-COV lilikuwa fupi, na AstraZeneca ilifanya vizuri zaidi dozi zilipoachana wiki nyingi, lakini hata ukilizingatia hilo, huwezi kuisoma 1,392 ukasema ni chanjo iliyoshindwa.

Mashine yangu inapima kingamwili zinazojishika kwenye mwiba. Haipimi zile zinazomzuia kirusi asiingie kwenye seli. Kipimo cha uhakika cha hizo kinahitaji kuziotesha seli na kuzikutanisha na kirusi hai, katika maabara zenye ulinzi mkali ambazo hospitali za kawaida hazina. Haioni seli T hata moja. Wala haizioni seli B za kumbukumbu, ambazo hukaa kimya kwa miezi mingi zikisubiri mwiba uonekane tena ndipo zianze kutengeneza kingamwili upya. Kingamwili za kwenye damu zikishuka baada ya miezi michache, jambo ambalo hutokea kwa kila mtu, seli hizo haziondoki nazo.

Nisije nikaeleweka kwamba namba haina maana kabisa. Kwa maambukizi ya kawaida, yale ya homa na kikohozi, waliochanganya walifanya vizuri kweli. Sweden walifuatilia watu takriban 700,000, wakakuta AstraZeneca mbili zinapunguza maambukizi yenye dalili kwa asilimia 50, AstraZeneca na Pfizer kwa asilimia 67, AstraZeneca na Moderna kwa asilimia 79. Mpangilio huo unalingana na mpangilio wa kingamwili. Kingamwili nyingi kwenye damu zinamzuia kirusi mapema, kabla hajajipenyeza. Kuumwa sana ni jambo la siku kadhaa baadaye, na huko seli T na kumbukumbu zinapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha upande wa pili wa jambo hili, na kwake nilijifunza kwa uchungu.

Kaka ana figo ya kupandikizwa. Kila siku anameza dawa za kuushusha ulinzi wa mwili ili usiikatae figo, na dawa hizohizo zinauzuia mwili kuitikia chanjo. Alipata Pfizer mbili kwa wakati, bila kuchelewa hata kidogo. Kliniki yake ilituma damu kupimwa, na jibu likarudi: chini ya 0.40. Mashine haikuona kitu. Hakuwa peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikuwa wamepima watu 658 waliopandikizwa viungo baada ya dozi mbili za mRNA, na ni asilimia 54 tu waliokuwa na kingamwili zinazoonekana. Toulouse, Ufaransa, walionyesha kwamba dozi ya tatu ilisogeza kundi lao la watu 101 kutoka asilimia 40 hadi 68.

Kwa yote niliyoyaona mezani, niliamini dozi yake ya tatu ikiwa ya aina nyingine itamsaidia zaidi. Daktari wake alikubali kwamba lilikuwa wazo la kujaribiwa, akampa chanjo ya adenovirusi. Mwezi mmoja baadaye namba ikatoka: 14.

"Sasa mdogo wangu," akaniuliza, "hiyo 14 ndiyo nini?"

"Ina maana mwili umesikia, kaka. Kabla haukusikia kabisa."

"Inanitosha kuvua barakoa?"

"Hapana, kaka. Bado."

Desemba 2021 madaktari wa Vienna, Austria, wakatoa jaribio lililomhusu moja kwa moja. Walikuwa wamechukua watu 200 wenye figo za kupandikizwa ambao dozi mbili za mRNA hazikuwapa kingamwili, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wapate mRNA tena, nusu wapate chanjo ya adenovirusi ya Johnson & Johnson. Waliopata kingamwili walikuwa asilimia 35 upande wa kwanza na 42 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema moja ni bora kuliko nyingine. Niliisoma taarifa hiyo mara mbili. Mchanganyiko uliozipandisha namba zetu sisi wazima juu ya kikomo cha mashine haukuleta tofauti ya wazi kwa watu kama kaka, kwa sababu kwao kizuizi hakikuwa tarishi. Kizuizi kilikuwa dawa walizokuwa wakimeza. Kilichosaidia ni dozi nyingine, iwe ya aina gani.

Kwa hiyo nyumbani tulipanga mambo kwa kumwangalia yeye. Sote tunaomzunguka tukahakikisha tumechanjwa, madirisha yakafunguliwa wageni wakija, na mwenye mafua akakaa kwake hadi apone. Hayo yalimkinga kuliko 14 yake.

Mwishoni mwa Novemba 2021 ikaja aina mpya ya kirusi, Omikroni, na namba nyingi tulizokuwa tukijivunia zikapungua thamani. Mwiba ulikuwa umebadilika sehemu nyingi, na kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya mwiba wa zamani hazikuushika vizuri. Kuchanganya hakukuwa tena jambo la kubishaniwa. Likawa ndilo njia ya kawaida ya dozi ya nyongeza. Marekani iliruhusu mwezi Oktoba, baada ya jaribio la watu 458 kuonyesha kwamba nyongeza ya aina nyingine ilipandisha kingamwili zinazozuia kirusi kati ya mara 6 na 73, na ya aina ileile kati ya mara 4 na 20. Brazil walionyesha jambo kubwa zaidi kwa waliokuwa wamepata Sinovac mbili: dozi ya tatu ya Sinovac ilipandisha kingamwili mara 12, ya Pfizer mara 152. Desemba Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kuchanganya. Mimi nyongeza yangu ilikuwa Moderna. Wakati huohuo vyeti vya watu kama mimi bado vilikataliwa kwenye baadhi ya mipaka kwa sababu majina ya chanjo hayakulingana, jambo ambalo liliniudhi sana, maana kisayansi kinga yetu ilikuwa nzuri kama ya wengine. Polepole nchi moja baada ya nyingine zikarekebisha.

Jambo moja la vitendo ninaloomba kila mtu alifanye: weka kumbukumbu ya kila dozi, jina la chanjo na tarehe, hata kama umechanja miaka iliyopita. Daktari akipanga dozi ijayo, hasa kwa mgonjwa, hiyo ndiyo karatasi anayoihitaji. Tarehe inamsaidia kuliko namba ya kingamwili, kwa kuwa pengo kati ya dozi na dozi lina uzito wake.

Kaka alipata korona mwaka 2022, baada ya dozi ya nne. Mistari miwili ilipojitokeza kwenye kipimo alipiga simu kliniki asubuhi ileile, kama tulivyokuwa tumekubaliana siku nyingi nyuma. Paxlovid, vidonge vya kutibu korona, haikufaa kwake bila usimamizi wa karibu, maana ritonaviri iliyomo ndani yake inakipandisha kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuilinda figo yake, hadi kuwa sumu. Wakamwita akachomwe remdesiviri, dawa nyingine ya kupambana na kirusi, kwa mshipa siku tatu mfululizo. Alikohoa, alichoka, alilala sana, na figo ikaendelea kufanya kazi. Hakulazwa.

Wiki kadhaa baadaye aliniuliza kama nataka kumpima kingamwili tena. Nilimwambia hakuna haja. Barakoa kwenye chumba cha kusubiri kliniki angeendelea kuivaa, dozi yake iliyofuata ilikuwa imeshapangwa, na daktari wake hakuwa na uamuzi wowote uliokuwa ukiisubiri namba hiyo.